Hao majini wa kwenye gemu ni wa kwetu, masharti yao ndo yameachwa

Mhariri, asalaam aleikum. Naandika kutoka Tanga, Ngamiani, huku kwenye barabara za namba, na naandika kwa simu nikiwa kazini, kwa hiyo ukikuta koma zimekaa kombo zipange wewe, mie nimezoea kutuma vois.

Kuna ndugu yetu mmoja aliandika hapa hapa kwenye ukurasa wa barua, kama wiki mbili hivi zimepita, akasema gemu za uchawi wanazocheza watoto ni mambo ambayo wazungu wameyaota usiku wakaamka wakayatia kwenye kompyuta, na kwamba vibanda vinavyochezesha vifungwe. Sasa mwenye kibanda ndo mie. Nina runinga nne na mashine tatu za PlayStation, moja inapiga kelele kama mashine ya kusaga, na kwa kweli watoto wengi wanaokuja kwangu wanacheza mpira tu, uchawi hawana hata habari nao. Ila wapo wachache, wale watulivu, wanakaa runinga ya pembeni kule na majoho na mafimbo na mazimwi, na hao ndo wamenifanya nianze kufuatilia maana wananichosha kwa maswali. Na nilichokuja kukiona ni kwamba huyo ndugu kakosea sana. Hakuna aliyeota pale. Wale watengeneza gemu ni waokotaji bwana, wameokota kwa bibi zao, wameokota kwa bibi za watu wengine, na wengine wameokota huku huku kwetu pwani bila hata kupiga hodi.

Nianze na swali la mtoto. Dogo mmoja wa darasa la sita aliniuliza, "Mjomba, hii mana ndo ile mana na salwa ya ustadhi?" Kwa wasiojua, kwenye gemu nyingi pale juu kuna mstari wa bluu, huo ndo wanauita mana, ukirusha uchawi unapungua, ukiisha umebaki na fimbo yako tu unapigwa kama mbwa mwizi. Na kule chuoni kafundishwa mana na salwa, chakula walichoshushiwa Bani Israili jangwani, kwa hiyo mtoto kaunganisha, akili inafanya kazi. Nilicheka alafu nikaona mbona nami sijui, nikaingia kutafuta. Kumbe siyo. Neno linatoka Bahari ya Pasifiki huko, visiwa vya Melanesia na Polinesia, na kwa wenyewe ni kitu kama heshima na mamlaka na baraka ukivichanganya chungu kimoja, yaani chifu anayo. Mmisionari mmoja Mwingereza, Robert Codrington, akaliandika kwenye kitabu mwaka 1891, wasomi wa Ulaya wakaligombania. Mwaka 1969 mwandishi Mmarekani Larry Niven akatunga hadithi ambayo ndani yake mana ni kama maji ya kisima, wachawi wakichota sana mahali pamoja panakauka, na pakikauka uchawi wa hapo umekufa. Hapo sasa ndo utamu wa watu wa gemu ulipo, maana kitu kinachokauka kinahesabika, na kinachohesabika unaweza kukiwekea mstari. Heshima ya chifu ikageuka lita. Nenda kwenye Diablo ya mwaka 1996, utakuta damu yako iko kwenye tufe jekundu kushoto na mana kwenye tufe la bluu kulia, ikipungua unakunywa kichupa, inajaa kama unaweka mafuta bodaboda.

Babu wa hizi gemu zote lakini si wa kwenye runinga. Ni mchezo wa mezani, wa karatasi na dadu, unaitwa Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, waliouleta ni Gary Gygax na Dave Arneson. Na huyo Gygax wala hakuficha alikookota, kitabu chake cha mwongozo cha mwaka 1979 huko mwishoni kina orodha ya waandishi waliomlisha. Mmoja wao ni Jack Vance, ambaye kwenye kitabu chake cha 1950 mchawi anayahifadhi maneno kichwani, tena maneno yenyewe mazito, kichwa kinabeba machache tu, na akishayatamka yanafutika kabisa, hana tena, mpaka akakae chini ahifadhi upya. Gygax akaipenda hiyo kwa sababu alikuwa anatafuta breki. Bila breki mchawi angemaliza mchezo dakika ya kwanza, mwenye upanga akae amtazame. Na asante kwa Vance ikabaki mle mle, kuna mchawi mfu kwenye mchezo ule anaitwa Vecna, zipange upya hizo herufi utapata Vance.

Mhariri, niliposoma hapo niliweka simu chini. Maana hicho kitu mie nimekinywa.

Nilikuwa na miaka kama minane, homa haishi, bibi mzaa mama akanipeleka kwa mwalimu mmoja mtaani (huku kwetu tunamwita mwalimu, siyo mganga, ukimwita mganga ananuna). Akatoa sahani nyeupe ya kaure, zafarani ilishalowekwa kwenye kikombe cha kahawa, kalamu ya mwanzi, akaanza kuandika kutoka ukingoni anazunguka anaingia ndani, anazunguka anaingia ndani, mpaka katikati pakabaki pa kutosha herufi moja. Akapuliza ikauke. Alafu akamimina maji ya waridi kidogo kidogo huku anaizungusha sahani, nikaona mikia ya herufi inayeyuka kwanza, vichwa vikafuata, maji yakawa ya njano, akanipa. Nikanywa. Sahani ikabaki nyeupe pe, kama haijawahi kuandikwa kitu. Kesho yake tukarudi akaandika upya, na kesho kutwa, dozi ilikuwa siku saba, kombe moja kwa siku (hayo maandishi ya kunywa ndo tunayaita kombe), na kombe la jana huwezi kulinywa leo.

Sasa hebu nitofautishie hiyo na Vance. Maneno yana nguvu, yanatumika mara moja, yakishatumika yamefutika, ukitaka tena unaanza kuandika. Tena kwetu kulikuwa na zaidi, kulikuwa na masharti. Nisile pweza. Nisivuke maji ya bahari. Nikiitwa usiku nisiitike mara ya kwanza. Na mie siku ya tatu nikapita pale kwa wauza pweza, anakatakata kwenye kibao, pilipili ya ndimu kwenye kopo, nikanunua vipande viwili vya mkia na kichupa cha soda. Kufika nyumbani bibi hata hajageuka, yuko anapepeta mchele, akasema, "Mume wangu, umekula pweza wewe." Tukarudi kwa mwalimu, mwalimu akanitazama, akasema basi tunaanza moja. Zile tatu zimeliwa! Sisemi kombe ndo lilinitibu, na klorokwini pia nilimezeshwa, bibi alikuwa hataki kukosa kote kote. Ninachosema ni kwamba ule ulikuwa mfumo kamili, una gharama, una kikomo, una adhabu ya kurudishwa mwanzo, na mtoto wa miaka minane alizielewa sheria zake zote bila kusomewa kitabu.

Na hilo ndo nataka kumwambia yule ndugu na pia vijana wetu wanaojifunza kutengeneza gemu. Gemu haisimami kwa uchawi, inasimama kwa masharti. Kurusha moto kila mtu anaweza kufikiria, ila moto unakugharimu nini, ukikosea unakurudia vipi, nani haruhusiwi kuushika, hapo ndo mchezo unapoanzia. Wenzetu wameyatafuta masharti kwa tochi. Gygax alifika mahali akasema anayetaka kurusha mpira wa moto lazima awe na kinyesi cha popo na kiberiti cha unga mkononi, ilikuwa utani wa baruti kwa sababu chumvi ya baruti zamani watu waliitoa kwenye kinyesi cha popo. Na wa radi lazima awe na kipande cha manyoya na kijiti cha kioo, yaani ile ya darasani ya kusugua rula mpaka ishike karatasi. Nilipowasimulia vijana hapa kibandani mmoja akasema basi huyo mzee angekuja mapango ya Amboni angejaza fuso. Popo wapo mle wa kutosha. Na ukiingia ndani zaidi unakuta sehemu watu wameacha vitu vyao vya mizimu, kwa hiyo na mwenye duka yupo.

Twende kwenye moto, maji, upepo na udongo. Gemu karibu zote za uchawi zina hivyo vinne, huyu moto yule maji, maji yanamshinda moto, na watoto wanadhani ni Wajapani wamebuni. Aliyevipanga vinne hivyo ni Empedokle, Mgiriki wa Sisilia, karne ya 5 kabla ya Kristo. Wagiriki wakawapa Waarabu, na kutoka kwa Waarabu njia ikagawanyika, moja ikaenda Ulaya ikazaa wale wapika dhahabu na vitabu vyao mpaka ikaishia kwenye gemu, nyingine ikapanda jahazi na msimu wa kaskazi ikateremka huku. Mwalimu wa falaki hapa Tanga akitaka kujua nyota yako anauliza jina lako na la mama, anaweka hesabu ya abjadi, kila herufi ina namba yake. Mfano Ali mwana wa Amina. Ali ni ain 70, lam 30, ye 10, jumla 110. Amina ni alifu 1, mim 40, nun 50, he ya mwisho 5, jumla 96. Zote 206. Toa kumi na mbili kumi na mbili mpaka uishiwe, inabaki 2, mbili ni Thauri, na Thauri ni nyota ya udongo. Kwisha. Ali ni mtu wa udongo, na dawa zake, siku zake, mpaka wa kuoana naye, vinafuata hapo. Nilimfanyia dogo mmoja kwenye kava la daftari akapagawa, akasema mjomba hii ni kama kuchagua mhusika ila huchagui, unazaliwa nayo. Ndiyo! Na jina la mama ndo linaamua, siyo la baba, hebu fikiria gemu imejengwa hapo. Sasa yule ndugu anasema haya ni ya wazungu, kumbe ya kwao na ya kwetu ni watoto wa mjomba na shangazi waliopotezana bandarini.

Kuhusu majini ndo nicheke au nilie. Kwenye Dungeons & Dragons kuna jini wa upepo, kuna afriti wa moto, alafu kuna maridi wa maji, na kile kitabu cha 1979 jaladani wamemchora afriti mwekundu mwenye pembe, na mji wake ni Mji wa Shaba, moja kwa moja kutoka Alfu Lela Ulela. Wajapani nao kwenye Final Fantasy tangu ile ya tatu ya mwaka 1990 wana jitu la moto unaliita linakuja kukupigania, jina lake Ifrit. Bibi yangu alikuwa akimkasirikia mtoto mtundu anamwambia "we afriti we", hakujua kama anamtaja staa wa Japani. Ila tazama walichofanya, wamechukua jina, wamechukua pembe, wakaacha mkataba. Huku kwetu jini humiliki tu kama unavyomiliki mbuzi. Ana kitambaa chake, mwekundu au mweupe au kaniki, ana ubani wake, ana siku yake, ana chakula chake, anataka ngoma, na akishakupanda kichwani anaongea anachotaka yeye wewe hukumbuki. Kwenye Final Fantasy unabonyeza, anakuja, anapiga, anaondoka bila hata kuomba kahawa. Jini gani huyo?

Na kuna wale wa Resident Evil 5, ya mwaka 2009, Capcom. Siyo gemu ya uchawi hasa, ni ya vijidudu na bunduki, ila maadui wake wanaitwa Majini, jina kabisa limechukuliwa kwenye Kiswahili, na mji unaitwa Kijuju, eti uko Afrika Magharibi, na watu wake wanapiga kelele kwa Kiswahili! Afrika Magharibi! Siku ya kwanza tulipoiwasha hapa kibandani kila mtu aliacha mpira, tukakaa tunamsikiliza adui anatutukana kwa lugha yetu, tunacheka, alafu baadaye mzee mmoja anayekaa jirani akasema "kwa hiyo hapo sie ndo tunapigwa risasi", kikapita kimya kidogo.

Hapo niseme jambo ambalo naungana na yule ndugu nusu. Diablo III ya 2012 ina mhusika ambaye kwa Kiswahili ungemwita mganga, kavaa kinyago, mifupa, anaita maiti na vyura na mbwa waliooza. Watoto wakimuona wanasema mganga huyo. Siyo mganga bwana, kwa vigezo vyetu huyo ni mchawi, mganga ndo anayelipwa kumtoa huyo. Wenzetu wana neno moja wanawavika wote wawili, na gemu zinarudisha hilo kwa watoto wetu, na kwetu uchawi siyo mchezo wa kwenye runinga tu, sheria ya uchawi ipo tangu mwaka 1928 na bado kuna vikongwe wameuawa nchi hii kwa sababu macho yao mekundu, macho ambayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe miaka sitini. Kwa hiyo mtengeneza gemu wa Kitanzania akiniletea adui bibi kizee mwenye macho mekundu nitamfukuza hapa kibandani, simtanii. Lakini hiyo ni sababu ya kutengeneza vizuri, siyo sababu ya kufunga kibanda changu.

Maana vya kuokota vipo tele. Msukule tu peke yake. Kwenye gemu mchawi wa maiti anawafufua wapigane, kwetu msukule hapigani, analimishwa shamba usiku, anabeba maji, yaani ni uchawi wa vibarua, uchawi wa uchumi. Hata kule Haiti zombi wa mwanzo alikuwa hivyo, hofu ya watu waliolimishwa miwa utumwani wakaona hata kufa hakutoshi kuwatoa shambani, sinema ndo zikamgeuza mla ubongo. Na chuma ulete? Muuza duka anafunga hesabu jioni pesa zimepungua na hakuna aliyeiba, zimefuata noti moja iliyoingia asubuhi. Hiyo mtu wa gemu akiisikia anakosa usingizi. Nimewahi kumsikia mama ntilie wa hapa akikataa kupokea elfu kumi ya kwanza ya siku kutoka kwa mteja fulani, kisa hiyo, na mteja akaondoka na njaa yake.

Kuna wengine walikwenda kwenye lugha. Mwaka 1987 Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen walitoa mchezo wa mezani unaitwa Ars Magica, wachawi wa Ulaya ya karne ya 13, na uchawi wao ni sarufi ya Kilatini, una vitenzi vitano, umba, tambua, geuza, haribu, tawala, na nomino kumi, moto, maji, mwili, akili na kadhalika, unachukua kitenzi unakibandika kwenye nomino. Creo Ignem, umba moto. Basi. Kitu kizuri sana. Nikawa nawaza, Kilatini kina mwenyewe, ila Kiswahili mbona kilishafanya hiyo kazi zamani tena kwa herufi moja. Funga, fungua. Tega, tegua. Ziba, zibua. Fukia, fukua. Kile ka-ua ka mwisho ndo uganguzi wenyewe, unayafumua maneno ya mwenzako kwa kinywa chake mwenyewe. Na haya si mambo ya kufikirika, ndo maneno ya kazi, mtu anakwenda kufungwa nyumba isiingilike, mwingine kafungwa nyota anakwenda kufunguliwa, mwingine katega mlangoni na mwalimu anakuja kutegua. Alafu uweke na fungika, ukiwa na mlango unaojifunga wenyewe bila mtendaji, na fungana, umemfunga mwenzio nawe umefungika humo humo. Sarufi ya darasa la saba hiyo, tumefelishwa nayo wote.

Yule dogo wa mana na salwa ndo kaichukua hiyo, kaitungia mchezo. Ni mtoto wa dada yangu, nilikuwa sijasema. Kakata karatasi za kava la daftari, kaandika vitenzi kwa biki, vizibo vya soda ndo sahani zako za kombe, kila mchezaji ana saba. Ukitumia neno unageuza kizibo, hakitumiki mpaka ukae zamu nzima unaandika upya. Na kila mtu kabla ya kuanza anachomoa karatasi ya sharti, anaisoma kimya anaificha, na mwenzako akikunasa unavunja sharti lako vizibo vyote vinarudi mwanzo, hiyo kaitoa kwenye pweza wangu, nimemsimulia mara nyingi mno. Sharti moja ni usicheke. Jingine ukiitwa jina usiitike mara ya kwanza. Wanaitana majina mfululizo hapo nje mpaka majirani wanauliza kuna nini.

Mwanzo haukukaa sawa, mwenye karatasi ya "tegua" alikuwa anashinda kila siku, anakaa tu anasubiri wenzake wafanye yeye afumue. Wakagombana, mmoja akaondoka na vizibo vyake. Nikawaambia hilo ndo tatizo alilokuwa nalo Gygax, wekeni breki. Wakaweka, sasa huwezi kutegua usichokitambua, lazima kwanza utaje kwa sauti mwenzako kafanya nini hasa, ukitaja vibaya umejitegea mwenyewe. Mie naona ni nzuri kuliko nusu ya vitu nilivyonunua kwenye zile mashine, ingawa mie ni mjomba.

Kuna watu wazima wameshaanza lakini. Mwezi wa 4 mwaka 2024 ilitoka Tales of Kenzera, kaitengeneza Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alifiwa na baba yake akatengeneza gemu ya mganga kijana anaitwa Zau, anakwenda kwa Kalunga mungu wa mauti kumdai baba yake, ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Mganga wake anaomboleza, hajabeba fuvu la mtu. Na wazungu wenyewe wa God of War, ile gemu ya 2018 yenye theluji, na Thor mungu wao wa radi aliyekuja kwenye ile iliyofuata, wameweza kwa sababu kule Aislandi mwanzoni mwa karne ya 13 kuna bwana anaitwa Snorri Sturluson alikaa akaandika hadithi za mababu zake ambazo zilikuwa zinakaribia kusahaulika, ndo maana leo mtoto wa Ngamiani anamjua Thor na hajui jina la mzimu hata mmoja wa Amboni. Sie pia tuna aliyeandika, Shaaban Robert, mtu wa hapa hapa Vibambani, kazikwa Machui, na Adili na Nduguze yake ina manyani wawili ambao Adili lazima awachape kila usiku kwa amri ya jini, anawachapa huku roho inamuuma maana ni ndugu zake. Sharti linalomtesa anayelitimiza! Sijaona gemu iliyothubutu hilo.

Basi Mhariri, umeme umekatika tangu saa nane, runinga zote nne nyeusi, wateja wa mpira wamekwenda zao Raskazone kuogelea, na hawa wanne wako barazani na vizibo. Ombi langu ni hili, kama nafasi ipo. Dogo anahitaji masharti kumi na mawili, la kila nyota moja, na mpaka sasa anayo matano tu, na moja kati ya hayo matano kalitunga mwenyewe nimemkatalia. Msomaji yeyote wa Pangani, Muheza, Bagamoyo, Pemba, popote pwani, ambaye bibi yake aliwahi kumwekea sharti, aliandike alitume hapa gazetini. Dawa hatutaki, dawa bakini nazo. Sharti tu. Ila la pweza lishachukuliwa.

Msomaji wako, mwenye kibanda, Ngamiani, Tanga